Ka-SSD ka elfu tatu: kanafaa, ama ni pesa ya bure?

Wasee, mdogo wangu alinipigia simu juzi usiku kutoka Kawangware, na hakuwa anapiga kunisalimia. Ameanza chuo mwaka huu. Laptopu anayotumia ni ile yangu ya zamani: mtu fulani ng'ambo aliitumia ikamchosha, ikaletwa Nairobi, nikainunua, nikaitumia miaka minne, kisha nikamrithisha. Kwa hivyo yeye ni mmiliki wa tatu, kama si wa nne. Aliniambia ameiwasha, akaenda jikoni akaweka chai, akarudi na kikombe, na kile kiduara bado kinazunguka. Alikuwa na kazi ya kutuma kabla ya saa sita usiku.

"Ninunulie ingine," akasema.

Ingine na doo gani?

Mathe ndiye alikuwa na pesa. Alikuwa amepokea zamu yake ya chama na kuweka 3,500 kando. Swali lake lilikuwa moja: tuingize hizi pesa kwa hii laptopu iliyozeeka, ama tuzifiche tuendelee kuchanga mpaka tupate nyingine? Kwa familia yetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", so jibu lilikuwa juu yangu.

Jibu la haraka ambalo kila fundi atakupa ni hili: toa ile diski ya zamani, weka SSD ndogo, gigabaiti 240 ama 256, maneno yaishe. Lakini mimi nishawahi kuchomwa na kitu kama hicho, na nitawaambia vile ilienda. Ndiyo maana kabla ya kumjibu mathe nilikaa chini nikafikiria vizuri, na nikajikuta nimerudi nyuma sana, mpaka kabla hatujazaliwa. Hii si mara ya kwanza Nairobi inaulizwa kama kitu kidogo cha bei rahisi kinaweza kuaminiwa na vitu vyetu.

Tuanzie Archives

Kila mtu ashawahi kusema "tupatane Archives". Wengi wetu hatujawahi kuingia ndani. Tunasimama pale nje tukingoja mtu aliyesema "niko karibu" na bado yuko Uthiru.

Lile jengo kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street lilikuwa benki zamani za ukoloni, wakati Moi Avenue iliitwa Government Road na Tom Mboya iliitwa Victoria Street. Hifadhi ya taifa yenyewe ilianzishwa kisheria 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru. Kazi yake ni ile ile ya diski yako: kuweka vitu mahali ambapo utavipata tena. Tofauti ni kwamba hapo vitu ni karatasi. Karatasi ni nzito, inakula nafasi, na kutafuta kitu ni polepole. Lakini faili la miaka ya 1920 bado linasomeka, na halihitaji stima.

Sasa, kuna mafaili ambayo hayakuwahi kufika hapo. Wakoloni walipokuwa wanafunga virago, mengine waliyachoma na mengine wakayasafirisha Uingereza kimyakimya. Miaka ikapita. Ni 2011, wazee wetu wa Mau Mau wakiwa na kesi mahakamani London, ndipo serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mafaili hayo yako kwao. 2013 ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 fidia. Hebu fikiria: karibu nusu karne, ushahidi wa maisha ya watu ulikuwa kwa stoo ya mtu mwingine, na huku nyumbani hakukuwa na nakala.

Weka hiyo akilini. Tutairudia.

Kutoka Archives hadi Luthuli

Ukivuka Tom Mboya ukateremka, dakika chache uko Luthuli Avenue. Barabara hiyo ina jina la Albert Luthuli, yule kiongozi wa ANC wa Afrika Kusini aliyepewa Nobel ya amani ya 1960. Wengi wanaijua kama barabara ya redio, spika, televisheni na simu. 2019 iliwekwa magari ya kwenda upande mmoja na ikapanuliwa sehemu ya watu wa miguu, na siku hizi unaweza kutembea pale bila kusukumwa na mkokoteni. Karibu, upande wa River Road, ndiko muziki wa Nairobi ulikuwa ukiuzwa kwa santuri, halafu kwa kaseti.

Wazazi wetu wanajua kaseti. Ukitaka wimbo wa redio unauvizia, unabonyeza kurekodi, na mtangazaji anaongea katikati. Mkanda ukitoka unaurudisha na kalamu. Ilikuwa rahisi, ilikuwa yako, na siku moja redio ingeimeza yote.

Halafu zikaja saiba, mwisho wa miaka ya 90 na miaka ya 2000. Wakubwa wetu walikuwa wanalipa kwa dakika, jicho moja kwa skrini na lingine kwa saa. Kazi zao waliziweka kwa diski laini, kile kimraba cha plastiki ambacho leo unakiona tu kama alama ya kuhifadhi kwa kompyuta. Ilibeba megabaiti 1.44. Wimbo mmoja wa MP3 haukuingia. Lakini CV iliingia, na barua ya kuomba kazi iliingia, na kwa mtu asiye na kompyuta nyumbani hiyo ilitosha. Binamu yangu aliyetafuta kazi wakati huo anasema alikuwa anatembea na diski mbili zenye kitu kile kile ndani ya bahasha, ju moja lazima ingekataa kusomeka. Sony, waliokuwa wakitengeneza nyingi zaidi, waliacha 2011.

Flashi zilianza kuuzwa ulimwenguni 2000, na zile za kwanza zilibeba megabaiti 8. Ilipofika zamu yetu, tulizitumia kwa njia yetu. Kila mtaa, Kangemi, Kawangware, Dagoretti, ulikuwa na duka la muvi. Mwanzo ulinunua DVD. Baadaye ulipeleka flashi, jamaa akafungua orodha yake, ukachagua msimu mzima wa series, akakupakia, ukarudi nyumbani mfalme. Simu nazo zilikuwa na kadi ya kumbukumbu, na kulikuwa na mtu wa kukujazia nyimbo.

Na virusi? Manze. Unachomeka flashi kwa saiba kuchapisha kazi ya shule, unarudi nyumbani unakuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato isiyoenda popote. Kuna watu walilia kwa sababu ya hiyo kitu.

Unaona mtindo? Kila kizazi cha Nairobi kimepata nafasi yake kupitia kifaa kidogo zaidi na rahisi zaidi kilichokuwa sokoni. Hatukungoja kile kizuri. Na kila kizazi kimelia siku kile kifaa kilikufa kikiwa na nakala ya pekee.

Laptopu za ex-UK zikaja

2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, bei juu na kasi chini. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road, pale Bishop Magua, na ghafla watu wa rika la kaka zetu wakaanza kusema wanatengeneza programu. Wengine hawakuenda iHub; walikaa kwa bedsitter zao wakifanya kazi za mtandaoni, kuandika, kunakili sauti kuwa maandishi, kuhariri picha. Wote walihitaji kitu kimoja: laptopu.

Mpya ilikuwa ndoto. Ndipo zile za kutumika, tunazoita ex-UK hata kama zimetoka Dubai, zikajaa Moi Avenue na mitaa ya karibu. Ofisi za ng'ambo zikibadilisha mashine kila baada ya miaka michache, zile walizotupa zikawa mwanzo wetu. Sioni aibu kusema hivyo. Mashine hizo zilikuwa imara. Prosesa zao hadi leo zinaandika, zinafungua mtandao, zinapiga simu za video.

Kitu kimoja tu kilizeeka vibaya: diski.

Kwa nini laptopu yako inakuchosha

Ndani ya diski ngumu kuna visahani vinavyozunguka, na mkono mwembamba unaokimbia juu yake kutafuta kitu. Diski ya kwanza ya aina hiyo ilitoka IBM 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja karibu futi mbili kwa upana, mashine nzima ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na ilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako ingeweza kuijaza.

Diski ya laptopu ni mjukuu wa hiyo, na tatizo la babu bado analo. Nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Inasikika kama kasi, lakini kila ukitaka kitu, mkono lazima uende mahali pake na usubiri kisahani kifike chini yake. Kwa vitu vidogo vilivyotawanyika, diski kama hiyo inafanikiwa kama mara mia moja kwa sekunde, na siku nyingi haifiki hapo. Kuwasha Windows ni kutafuta maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika. Kwa hivyo prosesa yako haijachoka. Imekaa tu stejini inangoja matatu.

SSD haina kitu kinachozunguka. Ni chipu tupu. Hata ile ya bei ya chini inatafuta vitu vidogo maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana mabadiliko yanashtua kwa laptopu nzee kuliko kwa mpya.

Na hapa lazima nimtaje jamaa mmoja. Anaitwa Fujio Masuoka, Mjapani, alikuwa mhandisi wa Toshiba. Aliwasilisha kumbukumbu ya flashi 1984, na 1987 aina ya NAND, ile iliyo kwa simu yako, kwa kadi yako, kwa SSD yako. Alihisi kampuni haikumlipa inavyostahili, akaishtaki, na 2006 wakamalizana kwa yeni milioni 87. Ukiangalia pesa ambazo hiyo chipu imezalisha duniani, hiyo ni nauli.

1991 SunDisk, ambao baadaye waliitwa SanDisk, walitengenezea IBM SSD ya megabaiti 20. Bei ilikuwa karibu dola 1,000. 2008 Intel wakatoa ya gigabaiti 80 kwa dola 595, na kwa shilingi za wakati huo hiyo ni zaidi ya 40,000. Leo mtu anasimama Luthuli akiuliza kama 3,000 ni ghali. Bei ilishukaje?

Matatu kabla ya Michuki

Ilishuka kwa sababu viwanda viliongezeka, chipu zikapangwa ghorofa juu ya ghorofa, na pia kwa sababu walianza kubeba excess.

Mnakumbuka hadithi za matatu kabla ya Februari 2004, kabla ya John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, kuleta sheria za mikanda, vidhibiti mwendo na abiria 14? Gari ni lile lile, lakini watu wamekaliana mapajani na makanga ananing'inia mlangoni. Nauli inaweza kuwa chini, gari linachakaa haraka, na kushuka ni shughuli.

Chipu ya flashi imegawanywa seli. Zamani kila seli ilibeba biti moja tu. Kisha mbili. Kisha tatu. Siku hizi nyingi za bei ya chini zinabeba tatu ama nne. Kubeba nne, seli moja lazima itofautishe viwango 16 vya umeme. Inawezekana, lakini kuandika kunakuwa polepole na seli inachakaa mapema.

Kuna ujanja mwingine. Hizi za bei rahisi huwa na sehemu ndogo inayopokea data haraka, kisha inaipanga baadaye. Ukinakili faili dogo, unaona kasi ya ajabu. Ukinakili gigabaiti 60 za video, mwanzo inapepea, halafu inaanguka kabisa. Ni kama kupanda Expressway kutoka Mlolongo ukijisifu kwa dakika chache, halafu unashuka Westlands saa kumi na mbili jioni.

So, je, itachakaa kabla umalize chuo? Tufanye hesabu badala ya kuogopa. Chukua Kingston A400, moja ya zile za kawaida sana hapa. Ya gigabaiti 240 imekadiriwa kuandikwa terabaiti 80. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, na mwanafunzi wa kawaida hafiki hapo, hizo ni siku 4,000. Karibu miaka 11. Ya gigabaiti 120 imekadiriwa terabaiti 40, so ni kama miaka mitano na nusu. Kwa laptopu ambayo tayari imezeeka, inatosha.

Kuchakaa basi si hatari kubwa. Hatari kubwa niliigundua mwenyewe.

Vile nilichomwa

2021 nilinunua SSD ya gigabaiti 128 kwa kiduka kimoja cha eksibisheni katikati ya jiji. 1,800. Haikuwa na boksi, haikuwa na jina ninalolijua, ilikuwa imefungwa tu kwa karatasi ya viputo. Jamaa alikuwa mpole sana. Nikaiweka, laptopu ikapaa, nikajisifu kwa kila mtu.

Miezi minne baadaye, mchana wa kawaida, stima zikapotea. Betri yangu ilikuwa imekufa kitambo, kwa hivyo laptopu ilizima hapo hapo. Stima ziliporudi nikaiwasha, ikaniambia haioni diski. Haikuwa imenionya, haikuwa imepiga kelele. Jana ilikuwa, leo haiko.

Ndani kulikuwa na mradi wangu wa shule, huo niliuandika upya nikiwa na machozi. Lakini pia kulikuwa na kitu kingine. Likizo iliyotangulia nilikuwa nimeenda kwa shosho, upande wa Kikuyu, nikaweka simu mezani na kumrekodi kwa dakika arobaini. Alinieleza vile walihamishiwa kijiji cha dharura mwaka wa 1954 akiwa msichana mdogo, vile mama yake alikuwa akichimba handaki mchana, vile walikuwa wanaficha chakula. Alitaja majina. Alicheka mahali ambapo mimi singeweza kucheka. Nilihamisha video kwa laptopu, nikaifuta kwa simu ili nipate nafasi.

Nilipeleka ile SSD kwa fundi mmoja mzee, mtu mtaratibu. Aliichomeka kwa mashine yake, akangoja, akatikisa kichwa. "Kijana, ingekuwa ile ya kuzunguka ningejaribu kitu. Hii ikienda, mara nyingi imeenda." Nikarudi kwa kile kiduka. Nikaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikujua wakati huo kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na kwamba mstari wa risiti hauwezi kufuta Katiba. Nilirudi nyumbani tu.

Shosho aliaga 2022. Sikuwahi kurekodi tena.

Nimewaza sana kosa lilikuwa la nani. Diski ilikuwa mbaya, hiyo ni kweli. Muuzaji hakuwa mkweli, pia kweli. Lakini nakala moja ulikuwa uamuzi wangu. Binamu yangu na diski zake mbili kwa bahasha alikuwa ameelewa kitu ambacho mimi, na gigabaiti zangu zote, sikuwa nimeelewa.

Wanaosema usinunue

Kuna hoja nzuri za upande huo, na nilizipima.

Ya kwanza: laptopu yenyewe imefika mwisho. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za karibuni. Kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu. SSD haibadilishi hilo hata kidogo. Kama mashine yako ni ya zamani zaidi, una njia mbili: kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ambayo yana mwisho wake, ama kuweka Linux. Mdogo wangu anaandika, anasoma PDF, anaingia kwa mtandao wa chuo. Linux inatosha kwa hayo. Kama kozi yako inadai programu ya Windows pekee, fikiria tena.

Ya pili: RAM. Ukiwa na gigabaiti 2, SSD itasaidia kidogo na bado utalia. 4 unaweza kuishi nayo. 8 uko sawa.

Ya tatu: betri. Wengi wetu tunatumia laptopu zilizokufa betri, chaja muda wote. Na stima zetu tunazijua. Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika usiku mmoja mpaka uwanja wa ndege ukawa giza. SSD ya bei rahisi haina akiba ya umeme ya kumalizia ilichokuwa inaandika. Zima ghafla mara moja, pengine hakuna kitu. Zima ghafla kila wiki, unacheza kamari. Kama una pesa ya kitu kimoja tu na betri yako imekufa, jiulize kwako stima hupotea mara ngapi.

Ya nne, na ndiyo alikuwa nayo mathe: si afadhali kuchanga? Nikamwambia hivi. Laptopu nyingine ya kutumika ambayo inafaa ni mara nne ama tano ya hizo pesa. Kwa kasi ya chama, hiyo ni mwaka. Mwaka huo msichana atakuwa anaweka chai akingoja kiduara. Na tukipata hiyo laptopu nyingine, SSD inatolewa hapa inawekwa kule, ama inageuzwa diski ya mfukoni. Haipotei. Mathe alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa. Lakini usiende pale ulienda ile siku."

Jumamosi, tao

Nilipanda matatu ya 46, nikashuka tao, nikazunguka maduka matano kabla sijatoa pesa. Hivi ndivyo nilifanya, na nakushauri ufanye hivyo.

Nilifungua laptopu kwanza nyumbani nikaangalia inachukua gani. Nyingi za zamani huchukua ile ya SATA ya inchi 2.5, bapa kama kijitabu. Zingine zinachukua kile kijiti chembamba cha M.2. Ukikosea hapo umenunua mapambo.

Nilitaka jina linalojulikana, boksi lililofungwa, risiti yenye namba ya kifaa, na waranti iliyoandikwa. Nilipoambiwa "waranti ni mdomo wangu, mkubwa," nilishukuru nikaendelea kutembea.

Niliruka zile zenye ahadi kubwa kupita kiasi. Mtu akikuuzia terabaiti kadhaa kwa bei ya viatu, fungua macho. Kuna makasha yenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, na programu yake imefundishwa kudanganya kompyuta. Unaona nafasi kubwa, unaandika, na baada ya sehemu ya kweli kujaa, vitu vyako vinapotea kimya.

Mwisho nilipata ya gigabaiti 240. Alianza 3,400, tukakubaliana 3,000. Kasha la kuchomekea ile diski ya zamani likawa 500. Hapo ndipo pesa ya mathe iliishia, na nauli ikawa yangu.

Nyumbani, kabla ya kuweka chochote cha maana, niliijaza yote na kuisoma tena kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Kwa Linux kuna F3. Inachukua muda, lakini ni heri ujue leo. Pia niliangalia kwa CrystalDiskInfo imetumika saa ngapi. Mpya lazima iseme saa chache sana; ikisema elfu mbili, rudisha siku hiyo hiyo.

Halafu skurubu mbili tatu, bisibisi, dakika ishirini. Laptopu iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika sita kuwaka sasa inachukua sekunde kama 25. Mdogo wangu aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena akidhani nimemchezea.

Kwa hivyo, ununue?

Ndiyo. Kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, ina RAM ya gigabaiti 4 kwenda juu, na betri inayoweza kukaa hata dakika kumi, hakuna 3,000 nyingine Nairobi itakayoibadilisha hivyo. Chukua 240 ama 256. Ya 120 inaingia Windows na programu chache halafu inaanza kulia nafasi, na SSD iliyojaa pomoni inakuwa polepole.

Lakini inunue kama matatu, usiinunue kama Archives. Kazi yake ni kukufikisha haraka. Usiipe kitu cha pekee, na usiifungie kabatini miaka ukidhani itangoja, ju chipu zikikaa muda mrefu bila umeme zinaweza kusahau.

Ile diski nzee iliyotolewa sasa iko kwa kasha lake, kwa droo ya mathe. Kila Jumapili mdogo wangu anaichomeka na kunakili kazi za wiki. Zile muhimu kabisa ziko pia kwa akaunti ya Google, gigabaiti 15 za bure. Mahali patatu, na hakuna aliyelipa zaidi.

Mwezi ujao naenda kwa dadake shosho, yule mdogo, bado yuko na akili timamu na anakumbuka kile kijiji. Nitaweka simu mezani. Na nikitoka hapo, kabla sijapanda gari la kurudi tao, video itakuwa tayari mahali pawili.